Ndoana na Chambo katika Ghuba ya Mwanza

Katika zana zote za uvuvi zinazotumika kwenye Ghuba ya Mwanza, ndoana ndiyo iliyobadilika kidogo zaidi. Nyavu zimepita kwenye kitani, zikaja pamba na nailoni, na siku hizi kuna za uzi mmoja wa plastiki. Mtumbwi wa gogo umeupisha mtumbwi wa mbao, na mtumbwi wa mbao ukafungwa injini. Ndoana imebaki kipande cha chuma kilichokunjwa na kunolewa ncha, chenye kijino cha kumzuia samaki asichomoke. Kilichobadilika mara kwa mara, wakati mwingine ndani ya miaka michache tu, ni kile kinachochomekwa juu yake. Anayetaka kuijua historia ya uvuvi wa ndoana kuanzia Pasiansi na Kirumba hadi Igombe hana budi kuifuata historia ya chambo.

Pasiansi ni kata ya Manispaa ya Ilemela, kaskazini ya katikati ya jiji la Mwanza, kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege. Watu wengi nchini wanaijua kwa chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa hapo mwaka 1966, lakini ziwa halipo mbali, na jirani yake Kirumba ndiko liliko soko la Mwaloni, ambako dagaa na samaki wakavu wa visiwani hushushwa na kupakiwa kwenda kila upande wa nchi. Ufuo wa upande huu una sura mbili. Kuna miamba mikubwa inayoingia majini, na katikati ya miamba kuna vijighuba vya tope na mafunjo. Sura hizo mbili zimegawa uvuvi wa ndoana tangu zamani, maana samaki wa mwambani si samaki wa topeni.

Kabla ya nyavu za kiwandani, wakazi wa mwambao wa kusini, yaani Wasukuma, Wakerewe, Wazinza, Wakara na Wajita, walikuwa na zana nyingi kuliko inavyodhaniwa. Walisuka migono ya matete na fito, wakafunga nyua kwenye midomo ya mito, wakakokota mizio ya mafunjo ufuoni, wakachoma kwa mikuki na wakalewesha samaki wa vidimbwini kwa utupa. Ndoana ilikuwa moja ya zana hizo, wala haikuwa kubwa. Chuma cha kuifulia hakikuwa adimu. Magharibi ya ghuba, katika Uzinza na Geita, waliishi Warongo, wafua chuma mashuhuri ambao majembe yao yaliuzwa hadi Usukuma na Unyamwezi. Penye chuma cha jembe hapakosekani chuma cha ndoana, na uzi ulisokotwa kwa nyuzi za mimea.

Samaki wenyewe ndio walioamua nani avuliwe kwa ndoana na nani kwa mgono. Mfano mzuri ni wa samaki wa jamii ya kapu, jamii ambayo Ulaya na Asia imewapa wavuvi wa ndoana mojawapo ya mawindo yao makubwa. Ziwa Victoria lina ndugu watatu wa samaki huyo wanaofahamika na kila mtu: ningu, kuyu na dagaa. Ningu ana mdomo ulio upande wa chini wa kichwa, wenye midomo minene ya kukwangua ukungu na mabaki yaliyotanda juu ya mawe na tope. Samaki wa aina hiyo hana haja na nyungunyungu anayening'inia kwenye uzi, kwa hiyo ndoana haikumfaa mtu aliyemtaka ningu. Alingojwa msimu wa mvua, anapopanda mito kama Simiyu, Mara na Kagera kwenda kutaga, akakingwa kwa uzio na mgono. Dagaa, ambaye akizidi sana hufika sentimita 9 hivi, ni mdogo mno kwa ndoana yoyote. Kuyu ndiye aliyebaki. Huyu hula konokono, wadudu, mimea na hata samaki wadogo, hupenda maji yaendayo kasi, na akikomaa huwa na nguvu za kumvuta mtu mzima. Ndiye kapu wa ndoana wa Ziwa Victoria.

Ushahidi wa maandishi wa jambo hilo ni wa zamani kiasi. John Hanning Speke, aliyeliona ziwa kutoka vilima vya Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alirudi safari ya pili na kufika mahali Mto Nile unapotokea ziwani tarehe 28 Julai 1862. Katika maelezo yake ya maporomoko hayo aliyoyaita Ripon, aliandika juu ya samaki maelfu wakirukaruka kuyapanda maji, na wavuvi wa Busoga na Buganda waliojipanga juu ya miamba wakiwa na fito na ndoana. Hakuwataja samaki hao kwa jina, ila maporomoko hayo yalikuja kujulikana sana kwa kuyu, na katika enzi ya ukoloni Waingereza walikwenda kuwavua hapo kwa burudani, mpaka bwawa la Owen Falls lilipoyafunika mwaka 1954. Inafaa ikumbukwe kwamba wavuvi wenye fito walikuwa wamesimama juu ya miamba hiyo kabla ya mgeni yeyote kufika na daftari.

Mwanza ilianzishwa na Wajerumani kama kituo cha utawala mwaka 1892. Badiliko kubwa la uvuvi, hata hivyo, lilitokea upande wa pili wa ziwa. Mwaka 1905 nyavu za kutega za kitani ziliingizwa katika Ghuba ya Kavirondo, kwenye Kenya ya leo, na matokeo yake yakawa ya ajabu kiasi kwamba ndani ya miaka michache zilienea pande zote. Windo lake lilikuwa ngege, sato wa asili wa ziwa hili. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, bidhaa za viwandani zikawa rahisi kupatikana, na samaki mkavu akapata njia ya kwenda bara. Ndoana za chuma cha pua kutoka ng'ambo ziliingia kwa mkondo huohuo. Kampuni ya Mustad ya mji wa Gjøvik, Norwe, iliyoanza kutengeneza ndoana kwa mashine mwaka 1877, ilizieneza bidhaa zake karibu kila bandari ya Afrika. Ndoana ya mhunzi haikuweza kushindana nayo kwa bei wala kwa ukali wa ncha.

Miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu wa Kiingereza, Michael Graham, alilizunguka ziwa kupima hali ya samaki. Ripoti yake ya mwaka 1929 ilipendekeza nyavu zisiwe na macho madogo kuliko inchi 5, ili ngege wachanga wapone. Kanuni hiyo ilishikiliwa kwa miaka mingi, ikalegezwa Tanganyika na Uganda katikati ya miaka ya 1950. Baada ya hapo macho ya nyavu yakawa yanapungua jinsi samaki walivyopungua. Aliyeumia zaidi ni ningu. Nyavu za macho madogo zilizotandazwa kwenye midomo ya mito wakati wa kupanda kutaga zilimkatia njia kabisa, na uvuvi wake, uliokuwa miongoni mwa uvuvi mkubwa wa ziwa, ulivunjika ndani ya muda mfupi. Mgono na uzio vilikuwa vimemvua kwa karne nyingi bila kummaliza.

Ndoana nayo katika miaka hiyo ilipata kazi yake maalumu: kuwavua samaki ambao nyavu za ngege ziliwapita au walizichana. Nao ni kamongo, kambare mumi na hongwe. Kamongo hukaa kwenye vinamasi na tope, hupanda juu kuvuta hewa, na ana meno yanayokata uzi wa nyavu kama mkasi. Mumi naye hutambaa chini gizani akitafuta kwa sharubu. Kwa samaki hawa ilitumika zana ambayo hadi leo inaitwa migonzo: kamba moja ndefu, yenye vijikamba vifupi vilivyofungwa kwa nafasi, kila kimoja na ndoana yake. Chambo kilikuwa furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Hakikuhitaji kutafutwa mbali wala kununuliwa, kwa sababu furu walijaa kila mahali. Utafiti wa nyavu za kukokota uliofanywa kati ya mwaka 1969 na 1971 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa ulikuwa wa furu. Mvuvi wa migonzo wa wakati huo alikuwa na ghala la chambo lisilo na mlango.

Furu hao hao ndio waliovuliwa mwambani kwa ufito. Hapa zana ni nyepesi kupita zote: ufito wa mti au mwanzi, uzi usiozidi urefu wa ufito, ndoana ndogo, na kipande cha nyungunyungu. Anayetaka boya hukata kipande cha bua au cha ndala iliyochakaa. Asiyetaka huushika uzi ukiwa umenyooka na kusikia kwa mkono. Ni uvuvi wa watoto na wa watu wanaotafuta kitoweo cha jioni, na kwa sababu hiyo takwimu za uvuvi haziutambui. Lakini umeacha alama katika elimu ya viumbe duniani. Miamba ya Mwanza ina furu wake, wanaoitwa mbipi, wadogo wenye rangi kali, ambao hawaachani na mawe yao. Nyavu ya kukokota haiwezi kupita hapo, ingechanika. Watafiti waliotaka kuwajua mbipi katika miaka ya 1990, akiwemo Ole Seehausen, aliyeandika kitabu kizima juu yao mwaka 1996, walitumia nyavu za kutega pamoja na ndoana na uzi, yaani zana ileile ya mtoto wa mwambani. Aina kadhaa zilizoelezwa kisayansi kutoka ghuba hii na visiwa vya karibu, kama vile Makobe, zilipitia kwenye ndoana. Mbipi mmoja mwenye madume mekundu mgongoni alipewa jina la nyererei mwaka 1985, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Ghala la chambo lilianza kupungua kwanza kwa mkono wa serikali. Katika miaka ya 1970 meli ndogo za kukokota zilianza kuwavua furu katika Ghuba ya Mwanza, na mwaka 1976 kikajengwa kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi ya muda mrefu hapo Mwanza kuchunguza furu hao, na wakawahi kuona furu wakipungua sehemu zilizovuliwa sana. Pigo lenyewe lilitoka kwingine. Sangara alikuwa ameingizwa ziwani upande wa kaskazini kuanzia katikati ya miaka ya 1950, na tena rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka ishirini hivi alikuwa mgeni asiyeonekana sana kusini. Kisha, kati ya mwaka 1983 na 1986, aliijaza Ghuba ya Mwanza, na furu wa maji ya wazi wakatoweka karibu wote. Wataalamu wamekadiria kuwa aina 200 hivi za furu zilipotea au zilikaribia kupotea katika ziwa zima.

Kwa mvuvi wa migonzo hilo lilikuwa fumbo la aina yake. Windo jipya lilikuwa kubwa kuliko lolote lililowahi kuonekana, samaki anayeweza kupita kilo 100, mlafi, anayemeza mzima kila kinachotikisika mbele yake. Lakini samaki huyo alikuwa amekula chambo. Mwanzoni watu walitumia chochote: vipande vya samaki, dagaa, sangara wachanga wenyewe. Jibu lililodumu lilipatikana kwenye vinamasi na majaruba ya mpunga, nalo ni vifaranga vya mumi. Ubora wa chambo hiki uko katika umbile lake. Mumi ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa, kwa hiyo hubaki hai ndani ya ndoo yenye maji kidogo, husafirishwa mbali bila kufa, na akishatundikwa huendelea kutapatapa usiku kucha hata kwenye maji yenye hewa haba. Furu akitundikwa hufa mapema, na chambo kilichokufa hakimvuti sangara kama kilicho hai. Ufugaji wa vifaranga vya mumi kwa ajili ya wavuvi ukawa biashara ya kando katika nchi zote tatu za ziwa.

Utegaji wenyewe unahitaji mikono mepesi. Migonzo hupangwa ndani ya sanduku au beseni, kamba ikiwa imelala kwa mizunguko na ndoana zikiwa zimechomekwa ukingoni kwa mpangilio, kwa sababu ndoana moja ikiruka zamu yake hunasa jirani na kamba nzima huwa fundo. Mtu mmoja hupiga kasia au hushika injini polepole, wa pili humpa chambo wa tatu, na wa tatu humtundika kifaranga kwenye mdomo au kwenye nyama ya mgongo, juu ya mfupa, asiuawe. Kila baada ya umbali fulani hufungwa jiwe la kushusha na dumu tupu la kuelea. Umuhimu wa dumu si kuonyesha mahali tu. Katika majira ambayo maji ya chini hukosa hewa, sangara hupanda, na ndoana iliyolala topeni haimpati. Mvuvi mzoefu hurefusha au hufupisha kamba za madumu kulingana na majira. Zana hutegwa alasiri na kutolewa alfajiri.

Viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndoana ilipata sifa nyingine. Sangara aliyenaswa kwenye nyavu hufa humo na huanza kuharibika kabla ya mtumbwi kufika. Wa ndoana mara nyingi hutolewa akiwa hai. Minofu ilikwenda Ulaya, mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki, yakawa ya wanyonge, na baadaye mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yakawa na bei kuliko nyama. Biashara hiyo ilikuwa na misukosuko yake, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Katika kipindi hichohicho magugumaji yalizifunga nyavu nyingi ufuoni, na wizi wa nyavu majini ukashamiri. Mtu aliyeibiwa nyavu alipoteza mtaji wa mwaka. Aliyeibiwa migonzo aliweza kununua kamba na ndoana na kuanza tena. Kwa maoni ya wengi wanaoijua kazi hii, hilo, zaidi ya ubora wa samaki, ndilo lililowafanya wavuvi wadogo washike ndoana.

Kwa wanaovua kapu wa Ulaya, historia imekwenda kinyume. Huko Uingereza, Richard Walker alimvua kapu wa kilo 20 hivi katika bwawa la Redmire mwaka 1952 kwa donge la mkate kwenye ndoana ya kawaida. Miaka ipatayo 30 baadaye, wavuvi wa nchi hiyo walianza kukiacha chambo kining'inie kwenye uzi mwembamba kama unywele nje ya ndoana, kwa sababu kapu hukinyonya chakula, hukionja na kukitema akishuku chuma. Hapo ufundi umehamia kwenye mafundo, na maduka yamejaa vifaa vya kila namna. Sangara humeza moja kwa moja bila kuonja. Ujanja wa unywele hauna kazi kwake, na ndiyo maana zana ya Mwanza imeweza kubaki sahili hivyo huku akili yote ikielekezwa kwenye chambo. Kapu mwenyewe hakuwa windo kubwa katika Ziwa Victoria. Katika Afrika Mashariki anaonekana Naivasha, Kenya, ambako wavuvi walianza kumkuta mwaka 2001, na kufikia mwaka 2010 akawa ndiye sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa humo. Hata hapo wavuvi wa kazi humvua kwa nyavu.

Mvutano wa miaka ya karibuni uko kwenye namba ya ndoana. Namba hizi huwachanganya wasio wavuvi, kwa kuwa namba ikiwa kubwa ndoana huwa ndogo: namba 6 ni kubwa kuliko namba 12. Wakati sangara wakubwa walipokuwa wengi, wavuvi walitumia ndoana pana. Sangara walivyopungua umbo kwa kuvuliwa mno, namba za ndoana zilipanda, na vifaranga vya chambo navyo vikawa vidogo. Kanuni za uvuvi zinakataza sangara asiyefika sentimita 50, lakini ndoana ndogo haiulizi urefu, na samaki aliyeimeza hadi utumboni hawezi kurudishwa majini akapona. Nyavu yenye macho makubwa humwachia mchanga apite. Kwa hoja hiyo ndoana ndogo imeingizwa kwenye orodha ya zana zinazodhibitiwa, ingawa haikuwahi kuchukiwa na umma kama nyavu haramu za kokoro na timba. Katika operesheni ya serikali ya mwaka 2018 dhidi ya uvuvi haramu, moto uliowashwa mialoni ulikuwa wa nyavu zaidi kuliko wa ndoana.

Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya mwaloni, ambavyo vimekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hupima samaki kwa rula wanaposhushwa. Uvuvi wa mshipi wa mkono na wa ufito mwambani hauna usimamizi huo. Unaendelea kutoa sato na gogogo wa kitoweo, na mara mojamoja mbipi, ambao sehemu za mawe hawakumalizwa na sangara kama wenzao wa maji ya wazi. Chambo chake ni kilekile, nyungunyungu anayefukuliwa kwenye udongo wenye unyevu ufuoni.